IVAN PAVLOV, MTU ALIYEPIMA MATE YA MBWA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wasomaji wa gazeti letu, katika muhula huu nimependa kuwaletea habari za maisha ya Mrusi mmoja ambaye jina lake hutajwa kila mahali panapofundishwa saikolojia, yaani elimu ya akili na mwenendo. Mtu huyo ni Ivan Petrovich Pavlov. Wengi humjua kwa habari moja tu, ya kwamba alipiga kengele na mbwa wakatokwa na mate. Habari hiyo ni fupi mno, na tena nusu yake si sawa. Mimi nimemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza, yeye mwenyewe hakupenda kuitwa mwanasaikolojia, na hata hivyo kazi yake ndiyo iliyoigeuza elimu hiyo. Ya pili, kazi yake yatuhusu sana sisi tunaolala mabwenini, tunaoamka kwa kengele, tunaokula kwa kengele, na tunaoogopa baadhi ya masomo bila ya kujua hofu hiyo ilitoka wapi.

Pavlov alizaliwa tarehe 26 Septemba, 1849, katika mji wa Ryazan, ulio kusini-mashariki ya Moscow. Baba yake, Pyotr Dmitrievich, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodox, na mama yake, Varvara Ivanovna, naye alitoka katika jamaa ya makasisi. Ivan alikuwa mtoto wao wa kwanza, na baada yake walizaliwa wengine wengi. Fedha zilikuwa chache. Tangu utotoni alimsaidia baba yake kulima bustani, na mapenzi ya bustani hayakumtoka mpaka uzeeni. Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alianguka kutoka juu ya ukuta akaumia vibaya, hata akachelewa kuanza shule mpaka alipofika miaka kumi na mmoja. Katika muda huo baba yake wa ubatizo, aliyekuwa mkuu wa nyumba ya watawa iliyokuwa karibu, alimchukua akamlea, akamzoeza kufanya kazi za mikono, kucheza, na kusoma vitabu.

Ilikusudiwa Ivan awe kasisi kama baba yake, kwa hiyo akatiwa katika seminari ya Ryazan. Lakini wakati ule fikra mpya zilikuwa zikienea katika nchi ya Urusi. Mwaka wa 1863 tabibu mmoja, Ivan Sechenov, alitoa maandishi juu ya refleksi za ubongo. Refleksi ni kitendo cha mwili kinachojitenda chenyewe bila ya kuamriwa na nia, kama vile jicho kufumba linapopulizwa. Sechenov alidai kwamba hata mawazo yetu yaweza kuchunguzwa kwa njia hiyo hiyo. Kijana Pavlov alipoyasoma maandishi hayo moyo wake ulitekwa. Mwaka wa 1870 aliiacha seminari kabla ya kumaliza, akaenda St. Petersburg kusoma elimu ya viumbe katika chuo kikuu. Wazazi waliokwisha kumpangia mtoto wao njia watafahamu jinsi jambo hilo lilivyokuwa zito katika nyumba ya kasisi.

Huko chuoni alisoma kwa bidii, akapata nishani ya dhahabu kwa uchunguzi wake wa mishipa ya fahamu ya kongosho. Mwaka wa 1875 alimaliza, kisha akaingia katika chuo cha udaktari cha jeshi. Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Alifanya kazi katika maabara ndogo ya tabibu mashuhuri Sergei Botkin, kwa mshahara mdogo. Mwaka wa 1881 alimwoa Serafima Vasilievna Karchevskaya, mwanafunzi wa ualimu. Mtoto wao wa kwanza alifariki angali mchanga. Mara nyingine mume na mke walikaa mbalimbali kwa kukosa fedha za kodi ya nyumba. Yeye lakini hakuacha kazi. Mwaka wa 1883 alipata shahada ya juu ya udaktari kwa maandishi yake juu ya mishipa inayoendesha moyo.

Mwaka wa 1884 alipelekwa Ujerumani kwa muda wa miaka miwili, akafanya kazi katika miji ya Breslau na Leipzig. Hapa sina budi kusimama kidogo, maana mji wa Leipzig ndio mji ambamo saikolojia ya kisasa huhesabiwa kuwa ilizaliwa. Mwaka wa 1879 mwalimu Wilhelm Wundt alifungua humo maabara ya kuchunguza akili. Kabla ya hapo mambo ya akili yalikuwa ya wanafalsafa waliokaa vitini mwao na kuwaza. Wundt aliwakalisha watu mbele ya vyombo, akawapa ishara ya sauti au ya mwanga, akapima muda wanaochukua kuijibu, na kuwataka waeleze kwa uangalifu kile walichokiona ndani ya fahamu zao. Mwanafunzi wake Edward Titchener aliipeleka kazi ya namna hiyo Marekani, akaifanya madhehebu kamili: kuivunja fahamu vipande vipande ili kuujua muundo wake. Huko huko Marekani William James, aliyetoa kitabu chake kikubwa mwaka wa 1890, aliuliza swali jingine. Yeye alitaka kujua akili ina kazi gani katika maisha ya mtu kuliko kujua imeundwa kwa vipande gani.

Njia ya Wundt ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Ikiwa mtu ndiye shahidi wa pekee wa mambo yaliyomo kichwani mwake, nani atamsahihisha? Wawili wakitofautiana, nani mkweli? Swali hilo ndilo lililojibiwa na Pavlov, walakini alilijibu bila ya kukusudia, akiwa katika kazi nyingine kabisa.

Kazi hiyo ilikuwa ya tumbo. Mwaka wa 1890 Pavlov alipata ualimu mkuu katika chuo cha udaktari cha jeshi, na mwaka wa 1891 akapewa idara ya fiziolojia, yaani elimu ya kazi za mwili, katika Taasisi ya Tiba ya Majaribio mjini St. Petersburg. Aliiongoza idara hiyo kwa miaka 45, mpaka kufa kwake. Wataalamu wengi wa zamani walikuwa wakimpasua mnyama na kumtazama papo hapo, huku anakufa. Pavlov aliona kwamba mnyama anayekufa hawezi kutoa habari za mwili ulio mzima. Basi aliwapasua mbwa kwa usafi kama wapasuliwavyo wagonjwa hospitali, akawatia tundu ndogo au mfuko mdogo tumboni, akawauguza mpaka wakapona, kisha akawachunguza kwa miezi na miaka. Mbwa mmoja aliyefanikiwa kupasuliwa hivyo mwaka wa 1894 aliitwa Druzhok, maana yake rafiki mdogo.

Jaribio lake mojawapo lilikuwa la ajabu. Mbwa alitengenezwa koo hata chakula alichokimeza kikatokea shingoni na kuanguka, kisifike tumboni kamwe. Hata hivyo dakika chache baada ya kuanza kula tumbo lilitoa maji yake ya kuyeyushia chakula. Kwa hiyo ilidhihirika kwamba tumbo hupata habari kwa mishipa ya fahamu kutoka kinywani, kabla chakula hakijafika. Maji hayo ya tumbo yalikusanywa na kutiwa katika chupa, yakauzwa kuwa dawa kwa watu wenye tumbo bovu, na fedha zake zikaisaidia maabara. Mwaka wa 1897 Pavlov alitoa kitabu juu ya kazi ya tezi za chakula, na mwaka wa 1904 akapewa Tuzo ya Nobel ya udaktari. Alikuwa Mrusi wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel.

Mtu mwingine angaliridhika hapo. Alikuwa na umri wa miaka 55, ana heshima na ana fedha. Lakini kulikuwa na jambo lililomsumbua katika maabara yake. Mbwa waliozoea majaribio walianza kutokwa na mate kabla ya kupewa nyama. Wengine walitokwa na mate wakiona bakuli tu, wengine waliposikia nyayo za yule mtu anayewalisha. Kwa mchunguzi wa tumbo jambo hilo lilikuwa udhia, maana liliharibu hesabu. Msaidizi wake mmoja alitaka kulieleza kwa kusema mbwa anawaza, anatamani, anakumbuka. Pavlov alikataa. Aliuliza, nani ameingia ndani ya mbwa akaona anawaza nini? Mate yaweza kuhesabiwa tone kwa tone, lakini tamaa ya mbwa haina chombo cha kuipimia. Husimuliwa kwamba katika maabara yake ilikuwa marufuku kusema mbwa anataka au anadhani, na aliyeteleza alitozwa faini.

Basi aliuacha utafiti wa tumbo uliomletea sifa, akaingia njia hii mpya, na mwaka wa 1903 akaitangaza mbele ya mkutano wa madaktari mjini Madrid. Nitaieleza kwa ufupi. Chakula kikitiwa kinywani mate hutoka, nayo ni refleksi ya kuzaliwa isiyohitaji kufunzwa. Sauti ya chombo haileti mate. Lakini sauti ikitangulia kidogo, na chakula kikafuata, na jambo hilo likarudiwa mara nyingi, mwisho sauti peke yake italeta mate. Refleksi hii mpya Pavlov aliiita refleksi yenye sharti, kwa kuwa kupatikana kwake kwategemea masharti. Sauti sharti itangulie. Ikija nyuma ya chakula, mbwa hatajifunza neno.

Ile kengele mashuhuri ilitumika kwa nadra. Mara nyingi zaidi alitumia metronomu, yaani kile chombo cha wanamuziki kinachogonga kwa kipimo, au mlio wa umeme, au taa, au kuiguza ngozi ya mbwa. Ili kelele za mji zisichanganye mambo, alijengewa jumba lenye kuta nene, lililozungukwa na handaki, ambamo mbwa alikaa chumba kimoja na mchunguzi chumba kingine. Watu waliliita Mnara wa Ukimya.

Wazee wetu walilijua jambo hili muda mrefu, maana husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ung'ongo hauna sumu, lakini unafanana na nyoka. Pavlov aliona vivyo hivyo. Mbwa aliyefunzwa kwa sauti moja alijibu pia sauti zilizofanana nayo, na kadiri sauti ilivyokuwa mbali na ile ya kwanza ndivyo mate yalivyopungua. Tofauti ni kwamba methali yatuambia hivyo ndivyo ilivyo, naye akaweza kusema ni kwa matone mangapi.

Tena aliona mambo mawili ambayo kwa maoni yangu yana faida kuliko yote kwa mwanafunzi. La kwanza, sauti ikipigwa mara nyingi bila ya chakula kufuata, mate hupungua mpaka yakakauka. Mtu angesema mbwa amesahau. Lakini mbwa akipumzishwa, kisha sauti ikapigwa tena, mate hurudi. Kwa hiyo zoea halikufutwa, limefunikwa tu. Hii ndiyo sababu mtu aliyeacha tabia mbaya kwa muhula mzima huweza kurudiwa nayo siku moja wakati wa likizo, akadhani juhudi zake zote zilikuwa bure. Hazikuwa bure. Zoea lililorudi hivyo huwa dhaifu kuliko mwanzo, na likinyimwa chakula tena hukauka upesi zaidi.

La pili ni la kuhuzunisha. Mbwa mmoja alifunzwa kwamba akiona duara atapata chakula, na akiona umbo la yai hatapata. Alijua vizuri. Kisha umbo la yai likafanywa lifanane na duara kidogo kidogo, mpaka kipimo cha tisa kwa nane, na mbwa hakuweza tena kuyatofautisha. Mnyama yule aliyekuwa mtulivu alianza kulia, kuhangaika, na kung'ata mipira ya vyombo, na hata yale maswali mepesi aliyokuwa akiyajua zamani yakampotea. Hakupigwa wala hakunyimwa chakula. Aliulizwa tu jambo lililozidi uwezo wake, tena na tena, bila ya njia ya kutoka. Nawaomba walimu wetu na wazazi wetu waifikiri habari hiyo. Mwanafunzi anayepewa kilicho juu ya uwezo wake kila siku hupoteza hata kile alichokuwa anakijua, na tukimwita mvivu twamkosea.

Wakati huo vita na mapinduzi viliingia Urusi. Baada ya mwaka wa 1917 mji ulikosa chakula na kuni. Mbwa wa maabara walikufa kwa njaa, na wachunguzi walifanya kazi katika baridi kali, pengine kwa taa ya mshumaa. Pavlov alipoteza akiba yake, na mmoja wa wanawe alifariki katika miaka hiyo. Husimuliwa kwamba siku moja msaidizi wake alichelewa kufika kwa sababu ya mapigano njiani, naye Pavlov, aliyekuwa mwepesi wa hasira na mkali wa saa, akamkaripia ya kwamba mapinduzi si sababu ya kuchelewa kazini. Alipoomba ruhusa ya kuhamia nchi za nje, serikali ilihofia kumpoteza mtu mwenye sifa ulimwenguni. Tarehe 24 Januari, 1921, Lenin alitia sahihi amri ya kumpa Pavlov na wenzake kila msaada wa kazi, na posho ya chakula iliyozidi ya watu wengine.

Je, mtu akilishwa na serikali aweza kusema kweli mbele yake? Hapa ndipo nimempenda Pavlov zaidi. Alipokea msaada, walakini hakuuza ulimi wake. Alisema hadharani kwamba hakubaliani na mambo yaliyotendwa na watawala wapya. Mwaka wa 1924 wana wa makasisi walipofukuzwa katika chuo cha udaktari cha jeshi, alijiuzulu ualimu wake humo, akakumbusha kwamba yeye naye ni mwana wa kasisi. Yafaa ijulikane kwamba mwenyewe alikuwa hashiki tena dini ya baba yake. Hakuwa akiitetea imani, alikuwa akitetea haki ya vijana kusoma. Hata katika miaka ya 1930, wakati ambapo wengi walinyamaza kwa hofu, aliwaandikia wakuu wa serikali barua za kulalamikia watu kukamatwa ovyo. Ni kweli sifa yake ilimkinga, lakini wako wengi wenye kinga wasioitumia.

Mwezi wa Septemba 1924 mto Neva ulifurika ukauzamisha mji, ambao mwaka ule ule ulikuwa umepewa jina la Leningrad. Maji yaliingia katika vibanda vya mbwa, na milango ilikuwa chini, hata watunzaji wakalazimika kuwavuta mbwa chini ya maji ili kuwatoa. Mbwa waliokolewa. Lakini baadhi yao hawakuwa kama zamani, wakasahau walichofunzwa. Mmoja alichukua majuma mengi kupata nafuu, na alipoletewa maji kidogo yakipita chini ya mlango wa chumba chake alirudi kuwa vile vile. Tangu hapo Pavlov alianza kuchunguza kwa nini msiba mmoja huwavunja wengine na wengine ukawapita, na akiwa mzee alikwenda katika hospitali za wagonjwa wa akili kujifunza habari zao.

Sasa nirudi kwenye madhehebu za saikolojia. Huko Vienna, Sigmund Freud, aliyetoa kitabu chake juu ya ndoto mwaka wa 1900, alifundisha kwamba sehemu kubwa ya nafsi imefichika, na mtu hutawaliwa na mambo asiyoyajua mwenyewe. Huko Marekani, mwaka wa 1913, John Watson alitangaza kwamba saikolojia iache kabisa kuzungumza juu ya fahamu, ichunguze mwenendo tu. Watson alizikuta refleksi za Pavlov akazifanya kuwa chombo chake kikuu. Mwaka wa 1920, pamoja na Rosalie Rayner, alitoa habari za jaribio walilomfanyia mtoto mchanga aliyeitwa Albert. Kila alipomgusa panya mweupe waligonga chuma kwa kishindo nyuma yake, mpaka akamwogopa panya, akaogopa na vitu vingine vyenye manyoya. Hofu hiyo hawakumwondolea. Siku hizi jaribio la namna hiyo haliruhusiwi, na ni haki. Mwaka wa 1924 Mary Cover Jones alifanya kinyume chake. Alimchukua mtoto aliyeogopa sungura, akamlisha chakula akipendacho huku sungura akisogezwa karibu kidogo kidogo siku kwa siku, mpaka mtoto akampapasa. Mpaka leo waganga wa akili huondoa hofu kwa njia iliyotokana na hiyo.

Baadaye B. F. Skinner aliendeleza dhehebu hilo la mwenendo kwa kuonyesha jinsi malipo yanavyoimarisha vitendo. Wengine walipinga. Wajerumani wa dhehebu la Gestalt, lililoanzishwa na Max Wertheimer mwaka wa 1912, walisema akili huliona jambo zima kwa mara moja, haiungi vipande. Mwenzao Wolfgang Köhler alikaa na sokwe katika kisiwa cha Tenerife akawaona wakipanga masanduku moja juu ya jingine ili wafikie ndizi, akaona hilo ni ufahamu, si mazoea. Pavlov aliubisha uamuzi huo, lakini hakubisha kwa maneno matupu. Katika kijiji cha Koltushi, nje ya Leningrad, alikojengewa kituo cha utafiti, aliwachunguza yeye mwenyewe sokwe wawili, Rosa na Rafael, ingawa alikuwa amepita miaka themanini. Kutokea miaka ya 1950 wataalamu walirudi kuchunguza kumbukumbu, lugha na fikra, na wengine, kama Carl Rogers na Abraham Maslow, wakahimiza heshima ya mtu na uwezo wake wa kukua.

Kazi ya Pavlov ilisahihishwa, haikutupwa. Katika miaka ya 1960 Robert Rescorla alionyesha kwamba kukutana kwa sauti na chakula hakutoshi. Sauti sharti ilete habari, yaani imwambie mnyama kitu ambacho asingekijua bila ya sauti hiyo. Kwa hiyo yule mbwa hakuwa mashine tupu, alikuwa akijifunza ulimwengu wake unakwendaje. Na mahospitalini imeonekana wagonjwa wa saratani ambao dawa zao huwatia kichefuchefu, hata siku nyingine wakaanza kutapika kwa kuingia tu katika chumba cha matibabu, kabla ya kutiwa dawa. Daktari anayemjua Pavlov hatawaambia wanajisingizia.

Wako waliosema kwamba Pavlov alimshusha binadamu akamfanya mbwa. Nami nilifikiri hivyo kwanza, lakini sikubali tena. Yeye mwenyewe alifundisha kwamba binadamu ana kitu cha zaidi, nacho ni maneno. Kwa mbwa sauti ni ishara ya chakula. Kwa mtu neno ni ishara ya ishara, na kwa neno aweza kuogopa asichokiona, kutumaini kisichokuwapo bado, na kujiuliza kwa nini anaogopa. Mbwa hawezi kujiuliza swali hilo. Sisi twaweza, na kujiuliza huko ndiko mwanzo wa kuwa huru. Kijana anayesema yeye hana kichwa cha hesabu, yafaa kwanza atafute ni lini hesabu iliambatana na aibu au kiboko, na ni nani aliyekuwapo. Labda hakuna upungufu wowote kichwani, ila kuna ung'ongo uliodhaniwa kuwa nyoka.

Lakini lipo deni ambalo sitaki kulificha. Mbwa wengi waliteseka na kufa katika kazi hiyo, nao hawakuulizwa kama wanakubali. Pavlov hakulifanyia jambo hilo mzaha. Alisema waziwazi kwamba anapomkata mnyama mzima anajua anaharibu kitu cha thamani, akavumilia kwa ajili ya elimu na kwa faida ya wagonjwa. Leo katika nchi nyingi zipo sheria na kamati za kuangalia majaribio ya wanyama, na baadhi ya aliyoyafanya yasingekubaliwa. Mimi naona mtu aweza kuishukuru elimu hiyo na bado akawahurumia waliotoa miili yao.

Kufa kwake kulikuwa tarehe 27 Februari, 1936, kwa homa ya mapafu, akiwa na umri wa miaka 86. Mwezi wa Agosti uliotangulia alikuwa amewapokea wataalamu wa fiziolojia wa dunia nzima katika mkutano wao mjini Leningrad na Moscow. Alizikwa katika makaburi ya Volkovo. Baada yake jina lake lilitumiwa vibaya. Mwaka wa 1950, katika mkutano mkubwa mjini Moscow, wataalamu walilazimishwa kuyafuata mafundisho yake kama amri, na waliotofautiana nayo walipoteza kazi. Mtu aliyebisha maisha yake yote alifanywa kuwa fimbo ya kuwanyamazishia wengine.

Karibu na kufa kwake aliwaachia vijana waraka mfupi. Aliwataka wapande elimu hatua kwa hatua, wasiruke ngazi. Wawe wanyenyekevu, wasidhani wanajua yote. Na waipende kazi yao kwa moyo wote, maana elimu humtaka mtu maisha yake yote. Sisi wa Kidato cha Nne, tunaokaribia mtihani na tungependa kuruka ngazi kadhaa, wosia huo watufaa.

Huko St. Petersburg, katika bustani ya taasisi alimofanya kazi, iko sanamu ya mbwa iliyosimamishwa mwaka wa 1935, yeye mwenyewe angali hai, kwa kuwakumbuka wanyama wale. Sijui sanamu nyingine ya mtaalamu aliyetaka wadogo wake wa kazini wakumbukwe hivyo. Mbwa huyo amekaa kimya juu ya nguzo yake.